Kirizista cha Swichi ya Ofisini

Baridi ya Iringa mwezi wa saba haina adabu. Inapenya sweta, inaingia mifupani na haiagi. Asubuhi hiyo, kama kawaida, Devota na Verediana walifagia uwanja wa shule yao pale Kihesa huku vidole vimekufa ganzi. Walikuwa darasa la saba, dawati moja, na walipendana kama waliozaliwa tumbo moja.

"Mama anaendeleaje?" Devota aliuliza.

"Juzi alikunywa uji," Verediana alijibu. "Ijumaa nitakwenda Kalenga kumwona."

Mama yake Verediana alikuwa ameugua muda mrefu, akiuguzwa na bibi huko Kalenga. Verediana alikaa Kihesa kwa mjomba wake, Ambrosi, ili asome. Kila asubuhi Devota alimuuliza swali lile lile, na kila asubuhi alimwombea jibu jema.

Jioni Devota alibaki shuleni kwa kazi ya klabu ya sayansi. Mwalimu Gwakisa, mtu wa Mbeya mwenye mizaha mingi, alikuwa akiwaongoza kufunga mfumo wa vipaza sauti. Mashine ilikaa stoo, spika zilitazama uwanja, na maikrofoni ilikuwa mezani kwa mwalimu mkuu, swichi yake ikiwa ukutani. Swichi hiyo haikupitisha sauti. Ilikuwa na nyaya mbili tu zilizokwenda hadi kwenye mashine. Ukiiwasha, nyaya zinagusana, na mashine inaelewa kwamba ifungue maikrofoni. Ukiizima, zinaachana, na mashine inafunga.

"Sasa nisikilizeni vizuri," Mwalimu Gwakisa alikuwa amewaambia. "Waya ukiachwa unaning'inia bila kushikwa na kitu, mashine haijui iamini nini. Leo itafunga vizuri, kesho itaokota umeme kidogo kutoka nyaya za jirani na kujifungua yenyewe. Ndiyo maana tunaweka hiki." Akawaonyesha kirizista, kidude chenye mistari ya rangi, kidogo kama punje ya mchele. "Hiki ni komeo la mlango. Kinaushika waya mpaka mtu awashe swichi kwa mkono wake."

Kazi ya kukifunga alipewa Devota, kwa kuwa alikuwa hodari. Mwalimu akaitwa kikaoni. Vidole vya Devota vilikuwa vizito kwa baridi; kirizista kikamponyoka, kikaingia kwenye ufa wa sakafu ya stoo. Alichokonoa kwa kijiti, wapi! Alijua mwalimu alikifuata mjini kwa shida. Aliona aibu hata kabla hajaulizwa.

Basi akaunganisha nyaya bila kirizista. Akaenda ofisini, akawasha swichi na kusema, "Moja, mbili." Mwenzake Clement, aliyekuwa uwanjani, akaitikia kwamba anasikia. Akaizima, na uwanja ukawa kimya.

"Mbona inafanya kazi tu?" Devota alijiambia.

Mwalimu Gwakisa aliporudi akamuuliza, "Kirizista umefunga?"

"Nimefunga, mwalimu."

"Safi sana, binti." Hakwenda hata kukagua. Devota hakuwa amewahi kumdanganya.

Kesho yake, saa ya uji, wanafunzi walikuwa wamepanga foleni na vikombe vyao. Spika zikakoroma kidogo. Kisha sauti ya mwalimu mkuu, Mwalimu Kalinga, ikajaa uwanjani.

"Pole sana, Ambrosi. Amefariki lini?"

"Alfajiri, mwalimu. Dada yangu ametutoka." Sauti ya mwanamume ilikatika, ikaendelea. "Lakini Verediana asijue hapa. Tutamwambia mama anamwita. Bibi yake ndiye atakayemwambia, akiwa amemkalisha mkekani, na wanawake wa kumshika wawepo. Mtoto haambiwi msiba njiani."

Verediana aliinama, akakiweka kikombe chake chini polepole uji usimwagike, kisha akaketi mavumbini. Hakulia. Alitazama zile spika tu. Mjomba Ambrosi alipotoka ofisini na kukuta macho ya shule nzima, alielewa, akamchukua mpwa wake wakaenda Kalenga.

Swichi ilikuwa imezimwa. Devota alijua hivyo bila kuambiwa: mashine ilikuwa imejifungua yenyewe.

Mchana huo alipeleka madaftari ofisini, akasita mlangoni. Ndani, mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Jailos, alikuwa akifoka.

"Mambo haya ya mitambo yaishe leo! Tumemuumiza mtoto wa watu. Na wewe Gwakisa, klabu hiyo usiiguse tena."

"Kosa ni langu, mzee," Mwalimu Gwakisa alijibu kwa sauti ndogo isiyo yake. "Mimi ndiye mkubwa wa kazi ile."

Devota angeweza kuondoka. Nani angejua? Kirizista kilikuwa chini ya sakafu na hakina mdomo. Lakini kumwona mwalimu yule wa mizaha ameinamisha kichwa mbele ya Mzee Jailos, hapana, hilo lilimshinda. Aliingia na madaftari yake.

"Shikamooni. Kosa si la mwalimu," alisema. "Kirizista kilinidondoka, nikaogopa. Nilimwambia nimefunga, kumbe sikufunga."

Mzee Jailos alifungua mdomo, Mwalimu Kalinga akamzuia kwa mkono.

"Ungeniambia, Devota," Mwalimu Gwakisa alisema, "ningekwenda mjini tena kufuata kingine, basi. Ningekutania kidogo, yangeisha. Na mimi nilipaswa kukagua, sikukagua. Lakini mashine ilikuwa inasubiri kirizista tu kutoka kwako, na mimi nilisubiri ukweli tu."

Siku iliyofuata walifunga kirizista kingine, Devota akikaza skrubu na mwalimu akikagua. Mwalimu Kalinga aliagiza maikrofoni ichomolewe kila inapomaliza kazi, hata swichi iwe nzima namna gani. Mfumo ukapona. Verediana je?

Shule ilikodi gari kwenda Kalenga kutoa pole. Ndani ya nyumba ya msiba wanawake walikaa mikekani. Bibi alikuwa pembeni, na Verediana karibu yake, macho makavu.

"Kamwene, wanangu," bibi aliwapokea kwa salamu ya Kihehe. Kisha akanong'ona kwa Mwalimu Kalinga, "Tangu aje hajalia, hali wala hasemi. Alifika ameshajua, mimi nikakosa la kumwambia."

Devota alipiga magoti mbele ya Verediana. Alieleza yote, bila kujitetea, hadi uongo wenyewe.

Verediana alimtazama. "Nilitaka niambiwe na bibi," alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Bibi alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Akausogeza mkeka, akamkalisha mjukuu wake upya, akawaita wanawake wakae karibu. Akamshika mikono yote miwili.

"Verediana, mjukuu wangu," alianza, taratibu, kama vile mtoto ndiyo kwanza anaingia mlangoni. "Mama yako aliumwa sana. Tulimuuguza. Usiku alikutaja jina. Alfajiri, mwanangu, mama alipumzika."

Hapo Verediana akalia. Alilia kilio cha siku zote alizonyamaza, na wanawake wakamshika kama ilivyopaswa tangu mwanzo. Devota alilia pia, lakini alibaki palepale alipopiga magoti, hakuthubutu kusogea.

Baadaye bibi alimgeukia.

"Mwanangu, habari ya msiba ina njia yake, hupelekwa polepole. Kosa nalo lina njia yake, ila lenyewe hupelekwa mbio, lingali dogo, mkononi kwa mwenye kazi. Ukilificha, litajitangaza lenyewe, na halitachagua nani asikie. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi."

"Haya. Verediana amesamehe au hajasamehe, hilo tumwachie mwenyewe, tusimharakishe. Wewe nenda kawasaidie wenzako kuteka maji."

Devota akainuka, akachukua ndoo, akaenda.