Kisu Shingoni mwa Baba

Kila asubuhi kabla ya shule, Pilipili alimsaidia baba yake kufungua bucha. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa hasira zake zilikuwa karibu. Pilipili alisugua kigogo cha kukatia nyama, baba akinoa visu. Zamani baba aliita wateja wakamsikia mtaa wa pili. Siku hizi sauti ilikwaruza kama msumeno, na shingoni uvimbe mgumu ulikua upesi: juzi ndimu, leo chungwa. Hata mate aliyameza kwa taabu.

"Baba, twende hospitali."

"Huko mtu huingia kwa miguu akatoka kwa machela. Niache."

Asubuhi hiyo baba mdogo, naye mchinjaji, alikuja na rai yake. "Kaka, hilo jipu limeiva. Nalipasua, usaha unatoka, jioni unatafuna mifupa. Nimepasua shingo ngapi mimi?"

"Za mbuzi," Pilipili akasema. "Na mbuzi gani alipona?"

"Wewe mtoto, funga mdomo."

Baba, aliyechoka kukabwa na uvimbe, akaketi akafumba macho. Nduguye akamkaza kichwa kifuani, akainua kisu chembamba. Ncha ilipogusa ngozi, damu ikachuruzika. Pilipili akaruka, akamuuma baba mdogo mkono mpaka meno yakagonga mfupa. Baba mdogo akanguruma, akamtupa ukutani. Kulabu za nyama zikamwangukia, paji likapasuka. Akainuka na damu machoni, akauganda tena ule mkono, kisu kikaanguka.

Baba kuona mwanawe anavuja damu, alimsukuma nduguye hadi akajigonga kigogoni. Kisha akashika koo lake mwenyewe. Pumzi ikapiga filimbi, midomo ikageuka rangi.

"Baba mdogo, gari," Pilipili akasema. "Tutapigana baadaye."

Baba mdogo akambeba kaka yake mgongoni mpaka kwenye pikapu ya nyama.

Hospitalini, daktari mpasuaji alimtoboa baba tundu chini ya koo, akaweka mpira wa kupumulia. Majibu ya vipimo yalipotoka, akawaketisha wote.

"Ni saratani ya tezi ya shingo, tena aina kali. Sitawadanganya, wengi wenye aina hii hawaishi muda mrefu. Lakini haijafika mapafuni, kwa hiyo tutaishambulia kwa upasuaji, mionzi na dawa za dripu."

"Atapona?" Pilipili akauliza.

"Sijui, mwanangu. Najua leo anapumua. Kisu mlichoniambia kingegusa mshipa mkubwa, msingefika hapa."

Baba mdogo akainamisha kichwa.

Matibabu yalikuwa vita. Ngozi ya shingo iliungua, baba akatapika mpaka nyongo, na siku moja alilipiga bakuli la uji ukutani. Kesho yake alirudi kwenye mionzi. Miezi ikapita, uvimbe ukanywea, uji ukapita kooni. Daktari alisema vita havijaisha na vipimo vitaendelea, ila baba aliweza kurudi kuketi buchani.

Baba mdogo alimwita Pilipili mbele ya baba. "Nguvu nilikuwa nazo, na mapenzi kwa kaka yangu nilikuwa nayo. Ujuzi ndio sikuwa nao, nikakaribia kumchinja. Asiyejua na awaulize wanaojua, tena mapema. Uvimbe unaokua upesi haungoji mtu amalize kuogopa."

Baba, ambaye kwa sababu ya mpira wa kooni hakuweza kusema, aliuchukua mkono wa Pilipili akauweka kifuani pake, asikie kinavyopanda na kushuka.