Shimo la Mukuju

Akiteng alilima karanga huko Mukuju, karibu na mpaka wa Kenya. Binti yake, Patience, alichota maji kila asubuhi kabla ya shule.

Kisha ikaja barabara. Wajenzi walichimba mawe nyuma ya nyumba, wakaondoka, wakaacha shimo wazi. Mvua ikalijaza. Mwezi wa nne Patience aliteleza akatumbukia humo. Majirani walimtoa jioni, akiwa amekufa.

Baada ya mazishi Akiteng alikwenda wilayani. Karani akamwambia, "Mama, hii barabara ni ya mkopo wa benki ya mataifa. Sisi hatuna la kusema."

"Benki iko wapi?"

"Ng'ambo ya bahari."

Omaido, mumewe, alikata tamaa. "Wacha tu. Nani atasikia mtu wa jembe?"

Truphena, mchuuzi kutoka Busia ya Kenya, alikuja kununua karanga. Akakuta hazijavunwa. Aliposimuliwa msiba, alilia naye kwanza.

"Dada, nchi zetu ni wanachama wa benki hiyo," akasema. "Ila matajiri ndio wenye kura nyingi, na sisi hatuulizwi. Lakini ina ofisi ya malalamiko. Soko letu lilipobomolewa kwa ajili ya mradi wake, tuliiandikia."

"Mimi sijui Kizungu."

"Andika kwa lugha yako. Ila msiandike mmoja mmoja. Jiungeni."

Akiteng alipita nyumba kwa nyumba. Wengine walimfungia mlango kwa woga. Watu kumi na wanne walikubali, wakaiandikia benki barua. Wasiojua kuandika waliweka dole gumba.

Miezi saba ilipita kimya. Ndama wa jirani yao Ojangole naye akafia shimoni. Ndipo wajumbe wawili wa benki wakafika.

"Mnataka nini?" wakauliza.

Akiteng alisimama. "Mtoto wangu hamwezi kumrudisha. Fukieni shimo. Na mkitaka kuchimba tena, mtuulize kabla, si baada ya kuzika."

Shimo lilifukiwa. Wanakijiji watatu wakaingizwa kwenye kamati ya mradi, Akiteng akiwa mmoja wao.

Katika kikao cha kwanza, mhandisi alileta mpango wa kuchimba mawe Kirewa, sehemu nyingine ya wilaya. Karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Akiteng alikataa kutia sahihi mpaka asomewe kwa Kiteso. Aliposomewa, akauliza, "Karibu na hapo wanaishi watoto wangapi?"

Mhandisi alipekua karatasi zake; idadi haikuwamo.

"Basi nendeni kwanza mkawahesabu."

Kikao kikaahirishwa. Machimbo ya Kirewa yalianza baada ya wiki sita, watoto wakiwa wamehesabiwa na uzio umeshasimama kuzunguka eneo lote.