Jipu Lililotangulia

Saa nane mchana giza la majira ya baridi lilikuwa limeshaanza kushuka kwenye fiodi, ule mkono wa bahari kati ya milima, na Oddrun alikuwa hoi. Alitoka zamu ya usiku ya kuwageuza na kuwaogesha wazee wa watu, hajala, hajalala, na bado ana gari la kwenda kuliangalia. Ukichoka namna ile, hata woga unakosa pa kukaa.

Kigari chake kilishamwaibisha mlimani. Miaka minne nyuma baba yake alikata roho ng'ambo ya mlima wakati yeye amekwama kwenye theluji, beleshi mkononi, analia. Sasa mama yake alikuwa kitandani katika kituo cha wazee kulekule ng'ambo, kilomita sitini na mbili, na daktari alikuwa ameacha kuzungumzia wiki, anazungumzia siku. Oddrun alitaka kitu kimoja tu duniani. Safari hii awahi.

Ndiyo maana alikuwa amesimama uani kwa Bergljot, mjane wa miaka sabini na ushee, wakilizunguka gari aina ya jipu, la kijani, la marehemu mumewe.

"Tangazo lako linasema kilomita laki tatu na elfu themanini na saba," Oddrun alisema, uso kwenye kioo. "Humu naona laki tatu na elfu tisini na moja."

"Tangazo niliweka mwezi uliopita."

"Sasa nani analiendesha, mama?"

"Hakuna."

Oddrun alicheka kidogo, cheko la mtu asiye na nguvu ya kubishana. Bergljot hakucheka. Alitoa karatasi mfukoni mwa aproni. Kule, ukiuza gari lililotumika unaandika ubaya wake wote na kutia sahihi. Ukificha, utarudishiwa gari na aibu juu yake. Oddrun aliisoma kwa mwanga wa simu. Kutu chini ya milango. Breki ya mkono haishiki. Linakula oili. Kiti cha nyuma kimeraruka.

Ubaya wa tano ulikuwa maneno mawili tu.

*Linakuja nyumbani.*

"Hii nini?"

"Ngoja kidogo," Bergljot alisema. "Saa yake imekaribia."

Wakangoja. Jipu lilikuwa pale mbele yao, limetulia, theluji juu ya boneti haijaguswa na mtu...

Kisha Oddrun akasikia gari.

Lilikuwa linapanda njia ya nyumbani. Injini ya dizeli, nzito, inakohoa kwenye kona. Theluji ikavunjika chini ya magurudumu. Likaingia uani. Likasimama. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa. Viatu vizito vikapanda ngazi za baraza na kupigwapigwa kizingitini, tup, tup, kukung'uta theluji. Harufu ya tumbaku ya kiko ikapita katikati ya wale wanawake wawili.

Uani hapakuwa na mtu.

"Usijibu," Bergljot alinong'ona. "Nyamaza tu."

Harufu ikayeyuka.

Oddrun alikuwa mzaliwa wa huko, hakuhitaji kuelezwa. Huyo ni mtangulizi. Katika mabonde yale kila nyumba inamjua: unasikia mwenzio amefika, viatu, mlango, kikohozi, halafu robo saa baadaye ndipo anafika mwenyewe. Hakuna anayeshtuka. Ukimsikia unateleka kahawa, basi. Ila humsemeshi mpaka umwone mtu uso.

"Mimi nilimsemesha," Bergljot alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. "Mume wangu Torleif alikuwa anafanya kazi ng'ambo ya mlima, kwenda na kurudi kila siku. Jioni ile nilikuwa nimechoka, mgongo unaniuma. Nikasikia viatu, nikasema bila kugeuka: ingia, mume wangu. Akaingia. Akakaa mezani nyuma yangu. Nikamimina kahawa, nikamwekea, huku naosha vyombo na kumsimulia mambo yangu. Halafu polisi wakapiga simu. Walimkuta mlimani ndani ya gari hili, moyo umesimama. Ameshapoa, binti yangu. Saa mbili zilikuwa zimepita."

"Na mezani?"

"Kikombe kilikuwa kitupu."

Mtu mwingine angeaga hapohapo. Lakini Oddrun alikuwa anaona beleshi lile la miaka minne nyuma, na kiti kando ya kitanda cha baba yake, kisicho na mtu.

"Mimi nina mama anayekufa," alisema. "Lije nyumbani, lisije, shauri yake. Mradi linapanda mlima. Nipe ufunguo nilisikilize."

Akaingia, akakaa. Kiti kilimpokea vizuri mno. Injini iliwaka mara moja. Akafumba macho, na moyo wake, bila kumwomba ruhusa, ukaondoka: ukapita kizuizi cha barabara, ukapanda kona zote, ukashuka ng'ambo, ukaegesha chini ya dirisha la mama. Alisahau yuko wapi. Labda alisinzia.

Simu ikamzindua.

"Uko wapi wewe?" Alikuwa Synne, muuguzi wa zamu pale kituoni, binti mchangamfu. "Mama yako anasema umefika. Sote tumesikia gari na viatu barazani, nikatoka, hakuna mtu!"

"Niko huku bado, Synne. Sijaondoka."

"Oo! Basi ni mtangulizi wako!" Synne alicheka. "Maskini mama, ameshakukaribisha. Kasema: ingia mwanangu, mlango haujafungwa. Haya, nateleka kahawa, fanya haraka."

"Synne, kaa naye! Usimwache na—"

Mtandao ukakatika.

Oddrun alitazama kioo cha kilomita. Alipoketi, tarakimu za mwisho zilisomeka mia mbili na nne. Sasa ilikuwa mia mbili sitini na sita. Kilomita sitini na mbili. Magurudumu yalikuwa palepale.

Alitoka kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Silitaki! Chukua ufunguo wako."

"Nilikuandikia," Bergljot alisema, machozi yakimlengalenga. "Nisamehe. Niliandika."

Kizuizi cha barabara ya mlimani kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya theluji. Oddrun alingoja saa nzima nyuma ya magari mengine mpaka gari la kufagia theluji lilipokuja kuwaongoza, taratibu, msururu mmoja, kama wanaosindikiza jeneza. Alipiga simu mara ishirini. Hakuna mtandao. Alimpigia Mungu kelele, akajitukana, akalia. Kigari kikapanda. Safari hii, ajabu, hakikukwama hata mara moja.

Saa kumi na mbili jioni aliingia kituoni anakimbia.

Synne alikuwa kwenye korido na shuka mikononi. Alimtazama kwa huruma, akamwuliza kwa upole:

"Umerudi? Umesahau kitu?"

Oddrun alishika ukuta.

"Mama..."

"Yuko vilevile ulivyomwacha. Nimemfunika tu." Synne akamshika bega. "Sijapata kuona mtu akienda kwa raha namna ile. Amekushika mkono mpaka mwisho. Na yale mambo ya baba yako, aliyokuwa akisema atakuambia wewe peke yako? Ameyasema yote. Nilimsikia analia, kisha anacheka. Umefanya vizuri kuwahi, dada."

"Alisema nini?"

"Eh?"

"Synne. Mama alisema nini?"

Binti yule alirudi nyuma hatua moja. Ndipo alipoiona theluji mbichi kwenye nywele za Oddrun, na uso wake.

"Sijui," alinong'ona. "Uliniambia nifunge mlango."

Walimzika Jumamosi. Jumatatu Oddrun alikwenda kwa Bergljot na kulinunua lile jipu. Mama mzima yule alimsihi, alimfuata mpaka barabarani bila koti. Oddrun hakueleza kitu. Alitia sahihi chini ya mabaya yote matano, akaondoka nalo.

Haliendeshi. Liko uani kwake, limefunikwa na theluji, na kila jioni kilomita zinaongezeka. Giza likiingia, husikia injini njiani. Viatu hupanda ngazi, vikapigwapigwa kizingitini. Siku hizi si viatu vizito tena. Ni vyepesi, vya mwanamke, na anaijua hatua ile maana ni yake mwenyewe.

Oddrun huteleka kahawa, akakaa mezani, mgongo mlangoni.

Mpaka leo hajajibu. Lakini amechoka, na hakuna mtu mwingine wa kumwuliza mama alisema nini.