Tadala na Uji wa Mwanamphepo

Kila asubuhi Tadala alichota maji bombani, akawasha kuni na kuteleka uji. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi yake ilikuwa kumpikia dada yake, Mervis, aliyekuwa na siku kumi na moja akisubiri kujifungua katika nyumba ya wajawazito, kando ya kituo cha afya, nje kidogo ya mji wa Dedza.

Baada ya uji wanawake waliimba, kisha mkunga, Sista Gondwe, akafundisha. Jumatatu hiyo aliwaambia washike ncha za pua zao.

"Ngumu, sivyo? Ndivyo ulivyo mlango wa kizazi kwa miezi mingi. Nyuzi zake zimebanana ili mtoto asitoke kabla ya wakati. Sasa shikeni midomo. Siku zikikaribia, mwili wenyewe hutengeneza kemikali za kulegeza zile nyuzi, maji yakaingia katikati yake, mlango ukalainika hivi. Ukitumia dawa za kuharakisha uchungu kabla ya hapo, mfuko wa uzazi unasukuma mlango uliofungwa. Mfuko huo unaweza kupasuka."

Tadala alishinda akijishika pua na mdomo hadi Mervis akamcheka.

Jumatano akaja Agogo Nabanda, bibi yao aliyewalea, miguu ikiwa na matope. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, majirani wameshapanda mahindi, na shamba lao lilikuwa tupu. Alimvuta Tadala nyuma ya jiko, akafungua fundo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na unga wa mizizi.

"Mwanamphepo huu, dawa ya kuleta uchungu. Kijiko kimoja kwenye uji, kesho kutwa tunarudi nyumbani na mtoto, tupande mahindi."

"Agogo, mlango wake haujalainika. Sista alimpima jana."

"Sista wako amezaa wangapi? Koroga!"

"Sikorogi."

"We mtoto, unajua unaongea na nani?"

"Najua. Hata ukinichapa, sikorogi."

Bibi alisonya. "Haya, kachote maji basi, mwalimu mkuu."

Tadala akaenda, akidhani yamekwisha. Aliporudi, Mervis alikuwa barazani ameshika kikombe, na uji ulikuwa wa kahawia. Tadala akatupa ndoo, akakimbia, akakipiga kikombe kwa mkono.

Uji ukamwagika sakafuni. Ilikuwa miezi ya njaa, unga wa kutafuta kwa tochi, na wanawake wote wakapiga kelele.

"Mtoto gani huyu!"

"Anamwaga chakula cha mjamzito!"

"Una wazimu?" Mervis alifoka.

Sista Gondwe akatoka mbio kuuliza kuna nini. Bibi alimtazama Tadala, akimwomba kwa macho anyamaze. Tadala alimpenda bibi yake, na jambo hilo lilimuuma kweli. Lakini hakuinamisha kichwa.

"Kulikuwa na mwanamphepo ndani. Agogo ametia."

"Umekunywa?" Sista alimuuliza Mervis.

"Hata tone."

Sista akashusha pumzi. "Agogo, ungewapoteza wote wawili."

"Mimi niliutumia, na niko hai!"

"Na wengine uliowakorogea, wako wapi?"

Bibi alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mdogo wangu, Edina. Nilimkorogea kwa mkono wangu. Alipokufa, tukasema amerogwa."

Sista alimshika mkono, akamketisha.

Jumapili, mwili ulipokuwa tayari wenyewe, Mervis alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha kituo kizima. Mahindi yalichelewa kupandwa kwa siku nne tu kupita siku aliyoitaka Agogo.

Siku ya kurudi nyumbani, Mervis alimnong'oneza mdogo wake, "Kamwombe Agogo radhi. Ulimwaibisha mbele za watu."

Tadala akamwendea bibi, akapiga magoti kama alivyolelewa. "Kwa kumwaga chakula, nisamehe, Agogo. Kwa kukataa, siombi radhi."

Wanawake wakaguna. Bibi alimpa kitoto akibebe, kisha akawageukia wote.

"Msimgunie. Kumheshimu mkubwa si kunyamaza anapokosea. Edina hakuwa na mtu wa kumwaga uji wake."