Mgomba Nyuma ya Goli

Kila Jumatatu mji wa Keroka huwa na bunge lake, nalo hukaa mbele ya kibanda cha magazeti cha Alfayo. Ajenda ni moja tu, timu ya Sokoni Rovers. Siku Drusilla alipopita hapo na mfuko wa vitambaa vya pazia kichwani, Rovers walikuwa hawajashinda tangu mvua zianze, na wabunge walikuwa na hasira kama watu walionyimwa chakula.

"Huyu kocha amechoka. Mfumo wake ni wa zamani za babu."

"Shida si kocha. Shida ni beki wa kushoto."

"Na huyo beki aliletwa na nani? Si ni Ochoki huyo huyo?"

Aliyekuwa akiwapa zamu ya kusema ni Angwenyi, fundi wa simu, kijana mrefu aliyevaa jezi nyekundu iliyopauka na raba nyeupe zisizo na doa licha ya tope lote la stendi. Walimwita Spika. Alipomwona Drusilla amesimama, alimgeuzia kipaza sauti alichokuwa nacho mkononi.

"Tumsikie dada mwenye gauni la manjano. Mheshimiwa, Ochoki aende ama abaki?"

Drusilla angeweza kupita zake. Miguu ndiyo iliyokataa.

"Abaki," alisema.

"Sababu?"

"Straika wenu ana mguu mmoja. Mpira ukimjia kushoto anauzungusha mpaka mabeki wanafika. Sasa hapo kocha afanye nini, amshonee mguu mwingine?"

Bunge lilicheka, Alfayo akaangusha chenji. Angwenyi hakucheka. Alimtazama Drusilla kuanzia kitambaa cha kijani alichojifunga kichwani mpaka ndara zake.

"Umesomea wapi mpira, mheshimiwa?"

"Nyumbani."

Hakusema uongo. Ila hakusema kwamba nyumbani ni Ekerenyo, na kwamba mwalimu wake alikuwa baba yake mzazi, kocha Ochoki mwenyewe. Keroka walimjua kama Drusilla wa Ramila, kwa jina la mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa alikofanya kazi, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Jioni hiyo simu ya Drusilla ililia. Angwenyi alikuwa amepewa namba na Alfayo, mtu asiyeweza kuficha kitu.

"Habari ya upinzani?"

"Upinzani umechoka. Umesimama dukani kutwa nzima."

"Basi serikali itakuletea chapati."

"Serikali hii? Ahadi tupu."

Chapati zililetwa, zikiwa bado moto. Baada ya chapati ikawa matembezi ya Jumapili, kisha ikawa hawalali bila kupigiana. Alimwita mheshimiwa wangu, naye akamwita Spika, hata walipokuwa peke yao na amemlalia begani. Drusilla alipenda, tena alipenda vibaya. Kila wiki alijiambia wiki hii nitamweleza, na kila wiki Rovers walifungwa tena, na maneno yakazidi kuwa magumu kutoka.

Kulikuwa na kitu kingine. Angwenyi alikuwa na kipaji cha kuiga watu. Alijua kumwiga Ochoki, mikono nyuma, tumbo mbele, kofia ya sufu imeshushwa hadi kwenye nyusi, akitembea kando ya uwanja kama mtu aliyepoteza mbuzi. Mara ya kwanza alipofanya hivyo mbele yake, Drusilla alicheka. Alimcheka baba yake mpaka machozi yakamtoka, na kicheko hicho ndicho kilichokuja kumuuma kuliko yote.

Kisha timu ya Kiogoro ikaja, ikawafunga Rovers nyumbani mabao manne. Mashabiki waliingia uwanjani wakirusha matope. Ochoki alitolewa mbiombio na kofia yake ikabaki benchini.

Siku iliyofuata Drusilla alikuwa akipima kitambaa alipozisikia nyimbo za matanga. Alitoka mlangoni pamoja na Mama Ramila. Umati ulikuwa ukiteremka barabarani, vijana wanne mbele wamebeba gogo la mgomba lililofungwa shuka, na juu ya gogo imevishwa kofia ya sufu ya baba yake. Angwenyi alitangulia na kipaza sauti, akihubiri kwa sauti ya mchungaji.

"Ndugu zangu, tumempoteza kocha. Aliugua droo, akafa kwa kufungwa."

Alipofika mbele ya duka alimkonyezea jicho.

"Ni mchezo tu," Mama Ramila alisema, alipoona uso wa Drusilla. "Vijana wanacheza."

"Mama, kwetu huu si mchezo."

Kwa Wagusii, mtu akichukuliwa na mto, au akafia mbali na mwili usipatikane, wenyewe huzika gogo la mgomba mahali pake, wakalia, wakamaliza. Kumzikia mgomba mtu aliye hai ni kusema mmeshamalizana naye. Wale vijana walilijua hilo vizuri, na ndiyo maana walicheka sana. Walilifukia gogo nyuma ya goli la upande wa soko, pamoja na kofia.

Usiku huo aliyepiga simu ni Drusilla.

"Mheshimiwa wangu, uliona mazishi?"

"Niliona. Uliyemzika ni baba yangu."

Angwenyi alicheka kidogo, akaacha. "Unanitania."

"Mimi ni Drusilla wa Ochoki, wa Ekerenyo. Muulize mtu yeyote wa huko."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipenda?"

"Ningekupenda. Na nisingebeba lile gogo. Pole, Drusilla. Haki, pole."

"Pole haitoshi. Baba mdogo Sylvanus anasema waliolizika walifukue wao wenyewe, wawalete wazee wao nyumbani, yaishe. Wewe ndiye ulitangulia. Wengine watakufuata."

"Kesho asubuhi nitalifukua."

Kesho asubuhi hakulifukua, alitaka kwanza kuzungumza na wenzake. Jumamosi Rovers, chini ya kocha mpya, wakashinda. Wiki iliyofuata wakashinda tena, ugenini. Bungeni kwa Alfayo hapakuwa tena na mjadala: mkosi ulizikwa pamoja na Ochoki, na ole wake atakayeligusa lile gogo. Walianza hata kumwagia bia pale kabla ya mechi.

"Wataniua," Angwenyi alimwambia, wamesimama nyuma ya duka, amemshika vidole. "Nipe muda. Wakifungwa moja tu, nalifukua siku hiyo hiyo."

"Kwa hiyo niombe mfungwe?"

"Mpenzi, ni mgomba tu. Wewe ni msomi."

"Baba yangu si mgomba."

Alimwachia vidole. Tangu siku hiyo Drusilla aliomba kweli Rovers wafungwe, nao wakazidi kushinda.

Alipokwenda Ekerenyo kumwona baba yake, alimkuta amekaa barazani na redio, kichwa wazi. Alikuwa amekonda. Watu wa kanisa walikuwa wakimtembelea, lakini wengine hawakukaa, na jirani mmoja alipompa mkono aliufuta kwenye suruali.

"Tata, hao wanaamini upuuzi," Drusilla alisema.

"Mimi ni Msabato, siogopi gogo." Ochoki alipunguza sauti ya redio. "Wameshinda tena, umesikia? Yule straika amefunga kwa mguu wa kushoto. Nilimfundisha miezi minane huo mguu." Alijipapasa kichwa. "Nasikia aliyehubiri ni kijana mnayeelewana."

Drusilla aliinamisha kichwa.

"Anahubiri vizuri?"

"Vizuri sana, tata."

"Basi mwambie aniletee kofia yangu. Naumwa na baridi."

Alimwambia Angwenyi maneno hayo hayo, kwenye simu. Angwenyi alisema, "Jumatatu, naapa." Jumatatu Rovers walikuwa na mechi ya kiporo Kisii mjini, akaenda.

Alhamisi Ochoki alianguka shambani akichuma chai, kikapu mgongoni, hakuinuka tena. Presha, daktari alisema. Watu wa Ekerenyo hawakuhitaji daktari.

Siku ya mazishi, alfajiri, Angwenyi alifika na jembe begani kuwasaidia vijana kuchimba. Alikuwa amevaa shati jeusi, macho mekundu. Sylvanus, mdogo wake marehemu, alimsimamisha langoni.

"Wewe kaburi la huyu ulishachimba," alisema. "Rudi."

Angwenyi alimtazama Drusilla. Drusilla alikuwa amesimama mlangoni na leso ya mama yake mabegani, na alitaka kusema neno, lakini alikikumbuka kicheko kile cha zamani, akajifunika leso. Angwenyi aligeuka, akapanda pikipiki iliyomleta.

Jua lilikuwa limepanda simu ya Drusilla ilipotetemeka. Hakusikia salamu. Alisikia jembe likiingia ardhini, na pumzi za mtu, na mbali kidogo sauti ya Alfayo ikiita, "Spika, umerogwa? Kesho tuna mechi." Kisha sauti nyingine, nyingi, za hasira. Jembe halikukoma. Huku kwao pia, nyuma ya nyumba, vijana walikuwa bado wanachimba, naye akasimama katikati ya majembe mawili, simu imemganda sikioni.

"Nimelifikia," Angwenyi alisema mwishowe. "Limeoza."

"Kofia ipo?"

"Ipo. Ina tope."

"Ilete."

"Na mimi?"

"Nimesema lete kofia. Tunamshusha saa nane."

Alifika wakiwa kwenye wimbo wa mwisho. Mdomo ulikuwa umepasuka, raba nyeupe zimekuwa rangi ya udongo. Sylvanus alisogea kumzuia, kisha akaona alichobeba, akatazama kando. Drusilla aliipokea kofia juu ya ua. Aliikung'uta, akaipangusa kwa leso, akaomba sanduku lifunguliwe kidogo, akamvisha baba yake mpaka kwenye nyusi.

Watu walipoanza kutawanyika Angwenyi alikuwa bado nje ya ua.

"Nitakupigia jioni," alisema.

"Usinipigie. Nikiweza, nitapiga mimi."

"Nitangoja."

"Ngoja."

Kesho yake Rovers walifungwa. Bunge la Keroka limepata Spika mwingine, na kwenye kibanda cha fundi wa simu wateja wa Rovers hawaendi tena. Husemwa kwamba simu yake mwenyewe haizimwi, wala haitoki mkononi. Drusilla husikia hayo dukani, huku akipima vitambaa. Jioni akifunga duka huitoa simu yake, hutafuta jina lililoandikwa Spika, hulitazama. Hajalifuta. Hajapiga.