Taa ya Kijani Iliyodanganya

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Erasto alifunga madumu matupu kwenye pikipiki yake na kuteremka bondeni kuchota maji. Kijiji chao, Kitangari, kiko juu, maji yako chini. Mkewe Anjelina alikuwa akimsaidia kufunga madumu, kisha yeye akishika njia ya shambani kuokota korosho.

Siku hiyo dumu moja lilianguka, likabingirika hadi mbele ya gurudumu. Anjelina akainama kuliokota. Erasto, akiwa ameshakaa kwenye siti, alitupia jicho dashibodi. Pikipiki yake ina taa ndogo za kuonyesha gia: N, halafu namba moja hadi tano. N ikiwaka kijani, maana yake pikipiki iko nyutro, hakuna gia iliyoingia. Ilikuwa inawaka. Akabonyeza stata.

Pikipiki iliruka mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Ilimbana Anjelina mguu kwenye ukingo wa kisima cha maji ya mvua pale uani, kilichokuwa kimekauka.

Zahanati waliwaambia mfupa umepata ufa. Akafungwa plasta, akaambiwa asiukanyagie mguu huo kwa wiki sita. Ulikuwa mwezi wa kumi. Korosho zilikuwa zinadondoka.

"Baba Pendo," Anjelina alisema waliporudi nyumbani, "ulisahau kutoa gia?"

"Taa ilikuwa kijani! Nimeiona kwa macho yangu." Erasto aliitazama ile plasta. Kisha akasema neno ambalo lingemsumbua siku nyingi. "Ni ndugu yako huyo. Ameiharibu kwenye safari ya Masasi, halafu akanificha."

Silvesta, mdogo wake Anjelina, alikuwa ameketi pale pale barazani. Yeye ni mkulima wa Nanganga. Kila msimu huja Kitangari kwa wiki mbili kuwasaidia kuokota korosho. Siku mbili kabla ya ajali alikuwa ameiazima pikipiki kwenda Masasi kununua magunia.

"Shemeji, sikukuficha," alisema. "Niliporudi nilikwambia taa ya N haizimiki. Ukanijibu, sawa, sawa."

"Usiniletee uongo! Mharibifu hakosi la kusema."

Silvesta aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na begi lake. Alimuaga dada yake tu.

Kuanzia siku hiyo Erasto aliokota korosho peke yake. Jioni alirudi mgongo unauma, na bado zilizobaki chini zilikuwa nyingi kuliko zilizo kwenye gunia. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa Newala. Korosho ikilala kwenye maji huharibika. Anjelina alikaa barazani, mguu juu ya kigoda, akitazama njia. Hakumlaumu mumewe, wala hakuzungumza naye sana.

Erasto aliipeleka pikipiki kijiweni, wanapokaa waendesha pikipiki. Mwenzake Marko aliiangalia, akacheka.

"Taa hiyo? Kata waya. Ikizima, itakudanganyaje tena?"

Erasto alikaribia kukubali. Lakini alimkumbuka Anjelina pale kisimani, akaona moyo hautaki. Akaisukuma pikipiki hadi sokoni, kwa fundi Pili, ambaye wengi humwita Mama Yassini. Mama huyo ametengeneza pikipiki za Kitangari kwa miaka mingi.

"Shikamoo, Mama Yassini."

"Marahaba, baba. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea. Mama, nimekuja na tatizo." Akamweleza yote, hata habari za kukata waya.

"Ukiikata, taa haitadanganya, na ukweli pia haitausema," alisema Mama Yassini. "Tutafute kwanza. Washa swichi, ila usiwashe injini. Tia gia ya kwanza. Taa gani zinawaka?"

Erasto aliinama, akakinga jua kwa kiganja. "N. Na... na moja pia."

"Zote mbili. Pikipiki haiwezi kuwa mahali pawili. Tia ya pili."

"N na mbili."

"Basi gia zako ni nzima, na taa za namba zinasema kweli. Mwongo ni mmoja, N. Tusifungue injini bure."

Alifungua kifuniko cha ubavuni kwa spana. Akamwonyesha nyaya nyembamba zinazopanda kutoka kwenye injini.

"Kule chini, karibu na sproketi ya mbele, ile ya meno inayovuta mnyororo, kuna swichi ya gia. Kila gia ina waya wake. Gia ikiingia, swichi inaugusisha waya ule na chuma cha injini, taa yake inawaka. Nyaya zinakutana na za dashibodi hapa kwenye soketi. Sasa naichomoa. Taa ikizima, ubovu uko chini kwenye swichi. Labda imeingia tope, labda kijichuma chake kimelika. Isipozima, ubovu uko huku juu, kati ya soketi na dashibodi. Haya, nitazamie."

Akachomoa. Namba mbili ilizimika. N iliendelea kung'aa.

"Haijazima, mama!"

"Kwa hiyo waya wa N umegusa chuma mahali njiani. Toa siti."

Erasto aliitoa siti. Mama Yassini alifuata nyaya kwa kidole, polepole, mpaka kidole kikasimama. Kibano cha vyuma vya kubebea madumu kilikuwa kimelibana fungu la nyaya kwenye fremu. Waya mmoja ulikuwa umechubuka kidogo kidogo kwa mtikisiko, shaba inaonekana.

"Vyuma hivi vya kubebea madumu alifunga nani?"

Erasto aliitambua bolti ya kibano kile. Aliikaza mwenyewe, kwa nguvu zake zote, wiki moja kabla ya Silvesta kwenda Masasi.

"Mimi," alisema.

Mama Yassini alilegeza kibano. N ikazimika hapo hapo. Akazima swichi, akauzungushia waya tepu nyeusi, akazihamisha nyaya zipite mbali na chuma, akarudisha soketi. Wakajaribu gia zote, moja baada ya moja. Kila taa iliwaka peke yake.

"Waya huo una kazi nyingine," alisema akifuta mikono. "Pikipiki kama hii haikubali stata ikiwa kwenye gia, mpaka ushike klachi. Inajua iko nyutro kupitia waya wa N. Waya ulipogusa chuma, pikipiki nayo ilidanganyika kama wewe. Kwa hiyo taa isikutoshe. Sukuma mbele na nyuma, gurudumu lizunguke bure. Shika klachi. Hakikisha hakuna mtu mbele. Ndipo ubonyeze."

Erasto aliitikia kwa kichwa. Lakini hakurudi nyumbani. Alishika njia ya Nanganga.

Alimkuta Silvesta akikarabati uzio. Walisalimiana kwa shida.

"Pikipiki niliiharibu mimi," Erasto alisema. "Bolti yangu ndiyo ilibana waya. Na wewe uliniambia, mimi sikukusikiliza. Nisamehe, shemeji."

Silvesta aliendelea kufunga kamba. "Habari za pikipiki zilikwisha siku ile ile. Kilichoniuma ni kuitwa mwongo mbele ya dada."

"Basi panda twende. Nikayaseme mbele yake."

Silvesta alikaza fundo la mwisho. Kisha akaingia ndani kuchukua begi.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipofika. Anjelina aliwaona, akasahau plasta, akataka kusimama. Erasto hakungoja hata kuegesha vizuri.

"Mama Pendo, siku ile Silvesta alisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo, na wewe umeumia kwa uzembe wangu."

Anjelina alisogeza kigoda, akampa mdogo wake nafasi pembeni yake. Halafu akamgeukia mumewe.

"Na wewe keti, Baba Pendo. Chakula kipo."

Siku nne baadaye mvua ilinyesha usiku kucha. Haikukuta korosho hata moja chini ya miti yao.