Usisubiri Damu Ikusemee

Hata leo, harufu ya sakafu iliyotoka kupigwa deki humrudisha kwenye kwaya ya shule ya msingi. Waliimba kabla ya kengele ya asubuhi, yeye akiwa mbele, na mpishi wa shule aliacha mwiko sufuriani ili asikilize. Kwa kuimba na kwa maneno mengi, wakamwita Chiriku. Siku zile zilikuwa tamu.

Mwaka wa mashindano, koo lilimuuma hata kumeza mate ikawa kazi. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliyeugua alipoteza nafasi yake. Koo likapoa lenyewe, naye akajiona mjanja. Wiki chache baadaye akashikwa na homa, goti likavimba, kisha maumivu yakahamia goti la pili. Bibi yake, aliyemlea, akampeleka hospitali.

"Koo liliuma hivi karibuni?" daktari aliuliza.

"Hapana," alijibu Chiriku.

Akapelekwa maabara. Mpimaji, mama mcheshi, alimfunga mpira mkononi akavuta damu.

"Bakteria wa koo wakiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kupigana nao," alimweleza. "Koo likishapona, kingamwili hubaki kwenye damu kwa muda. Hizo ndizo tunazopima, mwanangu."

Chiriku alikitazama kile kichupa cha damu yake, akajua uongo wake utajulikana. Walipotoka nje na kukaa kwenye benchi, Bibi alikuwa bado anahema kwa sababu ya ngazi walizopanda.

"Bibi, mbona unahema hivyo?"

"Nilikuwa mkimbiaji mimi, usinione hivi. Koo liliniuma, kisha goti likavimba kama lako, nikanyamaza nisiachwe kwenye mbio. Ugonjwa ukaenda moyoni, na haujatoka."

Chiriku akaangua kilio. "Koo liliniuma, Bibi. Nilidanganya."

"Basi twende ukamwambie daktari mwenyewe, kabla majibu hayajatoka."

Akaenda, akasema. Majibu yalipotoka, yaliafikiana na maneno yake. Daktari aliusikiliza moyo wake kwa makini, akaukuta salama, lakini akaagiza sindano kila mwezi kwa miaka kadhaa ili uendelee kuwa salama. Kwaya ilikwenda mashindanoni bila yeye. Mwenzake aliyechukua nafasi yake aliimba vizuri sana, jambo lililomuuma kuliko sindano.

Kila mwezi Bibi alimsindikiza, akirudia yale yale: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema mapema, mjukuu wangu, usisubiri damu ikusemee." Chiriku alikuwa akichoka kuyasikia. Sasa angetoa chochote ayasikie tena.

Siku hizi yeye ndiye mwalimu wa muziki. Kila asubuhi, kabla ya wimbo wa kwanza, huwauliza wanafunzi wake:

"Nani koo linamuuma? Aseme, aende akatibiwe. Nafasi yake nitamtunzia mimi."

Leo, katika mstari wa nyuma, mkono mmoja umenyooka.